Boriti, Chokaa na Mvua: Subira ya Waashi wa Pwani

Mwaka 1331, Ibn Battuta, mwanachuoni na msafiri wa Tanja, alipofika Kilwa na kupokewa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abu'l-Mawahib kwa wingi wa ukarimu wake, aliutazama mji akausifu kuwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa kwa ustadi, akasema kwamba nyumba zake ni za miti na mapaa yake ni ya matete, kisha hapo hapo akaongeza kuwa mvua zake ni nyingi. Wasomaji wengi huyapita maneno hayo upesi, wakiikimbilia habari ya faqiri aliyemwomba Sultani nguo alizovaa naye akamvulia. Bali mimi kila niyasomapo husita, kwa kuwa yule mgeni, aliyekaa kwetu muda mfupi tu, aliitaja miti na mvua kwa pumzi moja, na katika pumzi hiyo imo tarikhi nzima ya ujenzi wa pwani hii.

Wako wataalamu walioitilia shaka kauli yake, wakisema: itakuwaje mji uwe wa miti, na hali msikiti mkuu wa Kilwa ulikuwa wa mawe, na kasri ya Husuni Kubwa, yenye vyumba zaidi ya mia, ilijengwa zama zile zile juu ya jabali la bahari, ingawa kazi yake haikutimia? Sioni kwamba kuna mgongano mkubwa. Mawe yalikuwa ya mwenye mali na ya nyumba ya Mungu. Raia walikaa katika miti, kama walivyokaa baba zao na kama walivyoendelea kukaa wajukuu wao hadi jana. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, wachimbuzi wa mambo ya kale walipofukua ardhi ya msikiti walikuta chini ya kuta za mawe alama za mashimo ya nguzo, yaani misikiti midogo ya miti iliyosimama pale pale tangu karne ya 8, mmoja ukichakaa mwingine ukisimikwa, mpaka karibu na karne ya 10 waumini walipoweza kujenga kwa mawe. Mti ndio mama wa nyumba yetu. Jiwe lilikuja baadaye, na hata lilipokuja halikuweza kujitegemea, kwa maana nyumba ya mawe ya pwani, iwe Lamu, Mombasa au Unguja, sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko.

Katika habari za ujenzi husimuliwa sana majina ya masultani waliojenga na mapambo ya milango waliyoyaweka, na husimuliwa kidogo mno jambo ambalo kila fundi alilijua kuliko yote, nalo ni kungoja. Mwashi wa zamani alikuwa na siku za kazi na siku za kukaa barazani, na siku za kukaa barazani hazikuwa ajizi wala hasara aliyoihesabu kuwa mvua imemnyang'anya; zilikuwamo ndani ya mapatano yake na mwenye nyumba tangu siku msingi ulipochimbwa na Fatiha ikasomwa. Asiyelifahamu hilo hawezi kuifahamu nyumba yenyewe, kwa kuwa umbo lake, upana wa vyumba vyake, na hata mpango wa kazi, kwamba kipi kianze na kipi kifuate, vyote vilikatwa kwa kipimo cha majira.

Basi tuyatazame majira hayo. Pwani hii huendeshwa na pepo mbili: kaskazi, ambayo huanza kuvuma kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Machi, na kusi, ambayo hushika Aprili na kudumu hadi karibu na Oktoba, na kati ya hizo yapo malelezi, siku ambazo upepo hugeuka na nahodha hana hakika nao. Juu ya pepo hizo hupandana mvua: masika, yanayoanza katikati ya Machi na kufikia ukali wake Aprili na Mei, mchoo, manyunyu ya Juni na Julai, na vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo siku nyingine hunyesha kwa hesabu na siku nyingine hukosekana kabisa. Wahenga wetu hawakuziachia siku hizo zipite bila daftari. Walikuwa na mwaka wa jua, wa Nairuzi, wenye siku zihesabiwazo kwa makumi, kila kumi likiitwa mwongo, na kwa miongo hiyo mkulima alijua siku ya kupanda na baharia alijua siku ya kutweka. Na mpaka leo watu wa Makunduchi huukaribisha mwaka huo kila Julai, na katika ada zao hutiwa moto kibanda cha makuti. Mwezi wa kuandama ulimfaa mwenye kufunga na mwenye kuhiji, lakini mwenye kujenga, ambaye mali yake ya kazi ilimjia kwa jahazi na adui yake alimjia kwa wingu, hakuwa na budi kulitazama jua na upepo.

Nyumba ilianza mbali na kiwanja chake, katika matope ya mikoko. Misitu mikubwa ya pwani yetu ilikuwa, na ingali, miwili: ya visiwa vya Lamu upande wa kaskazini, na ya mdomo wa mto Rufiji upande wa kusini, ambayo Wadachi waliiweka chini ya hifadhi ya serikali mwaka 1898 walipoona thamani yake. Humo mna mkoko wenyewe, mna msinzi, mna mkandaa, mna mchu na mlilana, na fundi hakuichanganya, kwa kuwa mkoko na msinzi ni miti mizito, iliyonyooka, isiyoliwa upesi na mchwa. Wakataji waliingia kwa mitumbwi maji yakijaa, wakafanya kazi maji yakitoka, magoti yamezama topeni; waliukata mti, wakaupogoa, wakauburuta hadi ukingoni mwa kijito, wakangoja bamvua, kwani maji mafu hayana kina cha kukibeba chombo kilichosheheni. Hapo ndipo kungoja kwa kwanza: nusu ya mwezi kutoka bamvua hadi bamvua, na shoka limekwisha kazi yake siku nyingi.

Miti hiyo iliuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila unene ulikuwa na jina na kazi yake. Fito ndizo nyembamba kuliko zote, za kufunga viambaza, zikifuatiwa na pau, za kupigiliwa juu ya paa ili makuti yapate pa kukaa, halafu mazio, halafu boriti, ambayo ndiyo ya kulazwa juu ya kuta ibebe sakafu, halafu nguzo, na baada yake vigingi na banaa. Mtu akikuambia kuwa lugha yetu ni masikini wa istilahi za ufundi, mpeleke Lamu asimame bandarini miti ikihesabiwa.

Nao upepo ulikuwa na hukumu yake. Mti wa Lamu ulitaka kaskazi ili ushuke Mombasa na Unguja. Mti wa Rufiji ulitaka kusi ili upande juu. Na mzigo wa kwenda Uarabuni haukuwa na njia nyingine ila kusi. Majahazi ya Kuwait, Sur na bandari za Uajemi yaliteremka na kaskazi yakileta tende, chumvi na mazulia, yakaingia Rufiji au Lamu kupakia boriti, na kwa kuwa iliwapasa kungoja upepo ugeuke, upakiaji wao uliangukia aghalabu katika miezi ya joto zito na mawingu yanayokusanyika. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyefuatana na nahodha wa Kuwait, Ali bin Nasr al-Nejdi, mwaka 1939, ameeleza jinsi mabaharia walivyoteseka mle Rufiji kwa matope, mbu na maradhi, ili mtu wa Ghuba, katika nchi isiyo na mti wa kuitwa mti, apate dari juu ya kichwa chake. Huko boriti zetu waliziita chandali, na mpaka leo katika nyumba kongwe za Kuwait na Bahrain ukiinua macho utaona mti wa Rufiji ukikutazama.

Sasa nyumba yenyewe. Nitaanza na ile ya miti na udongo, ingawa waandishi wengi wa tarikhi huiruka, kwa kuwa ndiyo iliyowahifadhi watu wengi zaidi na ndiyo iliyojibu suala la mvua kwa hikima iliyo wazi kuliko zote. Mafundi walichimbia nguzo, wakalaza mtambaapanya juu yake, wakapandisha makombamoyo, wakafunga pau kwa kamba za usumba, kisha, kabla ya kuugusa udongo hata kwa kidole, wakaezeka. Paa lilitangulia ukuta. Nyumba ilisimama na makuti yake juu, kipaa cha mbele na kipaa cha nyuma na visusi vyake, na chini yake upepo unapita kama uwanjani. Nikiwa mtoto nilishuhudia nyumba ya jirani yetu ikikaa hivyo masika mazima: paa limetimia, viambaza hakuna, nasi watoto tukiifanya kuwa mahali petu pa kuchezea mvua inaponyesha, na kinamama wakianika humo nguo zisizokauka. Nilimwuliza mzee mmoja kwa nini jirani hakandiki, naye akanijibu kwamba udongo umekwisha kuletwa, tena upo palepale unalowa, na kwamba mwenye nyumba hana la kufanya mpaka jua lirejee. Nilidhani kwa utoto wangu kwamba jirani amefilisika.

Yule mzee alinifundisha zaidi kuliko nilivyojua siku ile. Masika ndiyo yanayompa fundi maji ya kukandia, kwani udongo wa kukandika hutaka maji mengi na kukanyagwa kwa miguu hadi ulainike kama unga uliokandwa, na katika vijiji ambavyo visima ni vya mbali, hakuna wakati mwema wa kuukanda kuliko ardhi ikiwa bado mbichi. Lakini masika hayo hayo hayauruhusu udongo ukauke; ukikandikwa Aprili huvimba, huteleza na kujitenga na fito. Hivyo desturi ikawa ni kusimika nguzo na kuezeka wakati wa kiangazi, kabla ya mvua. Kuyaacha masika yalowanishe udongo na kulijaribu paa, ili palipo na upenyo pajulikane mapema. Na kukandika Juni na Julai kwa ujima, wanawake wakichota maji na wanaume wakikanyaga, baridi ya kipupwe ikiukausha udongo polepole bila kuupasua. Baada ya tabaka la kwanza waliacha tena siku kadhaa hadi nyufa zijitokeze, kwa kuwa nyufa za tabaka la kwanza ndizo zinazolishika la pili. Nyumba moja ya vyumba vitatu ilichukua karibu mwaka, na katika mwaka huo siku za mkono kushika kazi zilikuwa chache; nyingine zote zilikuwa ni kazi ya maji, ya upepo na ya jua.

Nyumba ya mawe ilikuwa na dhiki kubwa zaidi, kwa sababu haikuweza kutanguliza paa. Kuta zake, ambazo unene wake hufika dhiraa moja na zaidi, hupanda kwanza zikiwa wazi kwa mvua, na kinachozishika si kingine ila chokaa. Na chokaa ya pwani ilikuwa ni mchomo wa matumbawe. Waliokuwa wakiichoma walikata magogo, wakayapanga duara kubwa, wakarundika juu yake vipande vya mawe ya bahari, wakatia moto kwa katikati. Tanuu likawaka usiku na mchana, na wingu moja tu la ghafla likinyesha moto ungali mchanga liliweza kuharibu kuni zote na jasho lote. Kwa hiyo tanuu liliwashwa katika kiangazi. Lakini likishapoa, rundo jeupe lililobaki lilitaka sasa kitu kile kile kilichokuwa adui yake jana, nacho ni unyevu: chokaa iliyochomwa hunywa maji, hutokota na kupasukapasuka hadi iwe unga, na fundi aliiacha ilale miezi, kwani chokaa iliyolala ni laini, inashika na haipasuki, na isiyolala hupasukia ukutani baada ya kupakwa.

Mwenye kuyatafakari hayo ataona kuwa chokaa haikauki kama udongo unavyokauka. Huwa ngumu kwa kuvuta hewa, kidogo kidogo, kutoka nje kwenda ndani, na ukuta mnene huchukua muda mrefu kukamilisha jambo hilo. Jua kali likiipata siku za mwanzo huifanya iwe vumbi, ndiyo maana mwashi hodari hurashia maji ukuta wake asubuhi na jioni; mvua nzito ikiipata huiosha kutoka katika viungo vya mawe. Ilitakikana hali ya kati: unyevu bila gharika, joto bila ukali, na hali hiyo kwetu hupatikana kwa uhakika kuanzia Juni hadi Septemba. Ndipo waashi wakaaka ukuta kwa daraja, kimo cha mtu mmoja hivi, wakautomea kwa vijiwe vidogo, wakaufunika kichwa chake kwa makuti, wakauacha. Wenye mali waliojenga ghorofa mbili au tatu hawakuona aibu kukaa katika ghorofa ya chini miaka kadhaa kabla ya kupandisha ya juu, na Lamu wengi walijenga ghorofa ya juu ili binti akiolewa apate pake, kwa hivyo nyumba ilikua pamoja na watoto.

Kazi iliyoogopwa kuliko zote ilikuwa ya sakafu. Boriti zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, zimechongwa na katika nyumba za wakwasi zimetiwa rangi nyekundu na nyeusi. Juu yake vikapangwa vibamba vya matumbawe. Na juu ya vibamba ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, tabaka nene, ambalo lilipasa kupigwa. Watu walijipanga safu, wengi wao wanawake, kila mmoja na mti mikononi, wakapiga kwa mwendo mmoja na kwa nyimbo, mchana kutwa, siku baada ya siku, mpaka ile chokaa iwe kitu kimoja na itoe sauti ya jiwe. Neno kupiga sakafu lilitoka hapo, wala si kwa istiari. Katika siku hizo mwenye nyumba hakulala kwa kuitazama mbingu, kwa maana mvua ikiingia katika sakafu isiyoshikana hupenya hadi kwenye vibamba, na boriti iliyonyweshwa mwanzo wa maisha yake haisahau. Wajenzi wa zama hizo walikuwa ni watumwa kwa sehemu kubwa, na sisi tunaozistaajabia sakafu hizi tunapaswa kuyakumbuka mabega yaliyozipiga. Kungoja kwa mwenye nyumba kulikuwa ni subira, lakini kupiga kwa yule asiyekuwa na hiari kulikuwa ni dhuluma.

Upana wa chumba nao ulitoka katika matope. Boriti nzuri ya mkoko inaweza kubeba sakafu kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu, dhiraa sita hivi, na kwa hivyo vyumba vya nyumba kongwe za Lamu, Pate na Unguja ni virefu na vyembamba. Wageni walioviona wakadhani kuwa Mswahili anapenda nafasi finyu. Mti ndio ulioamua. Na palipo na ukumbi mpana kuliko hapo, jua kwamba mti wa mbali ulinunuliwa, au chuma kililetwa, kama katika Beit al-Ajaib ambayo Sayyid Barghash aliijenga Unguja mwaka 1883 kwa nguzo za chuma kutoka Ulaya. Sultani huyo alikuwa na sababu ya kutoiamini mbingu: tarehe 15 Aprili 1872, tufani ambayo mfano wake haukukumbukwa na mzee yeyote iliipiga Unguja, ikazamisha merikebu zake na kung'oa mikarafuu iliyo mingi. Mvua walikuwa wameizoea na kuipangia. Upepo wa namna ile haukuwamo katika hesabu za miongo.

Haya ya kungoja majira si yetu peke yetu. Katika nchi za baridi za Ulaya ya kaskazini, Finland, Norwe na Urusi, ambako nyumba hujengwa kwa magogo mazima yaliyolazwa moja juu ya jingine, pembe zake zikichongwa zifungamane, na katikati kusindiliwa mimea laini iotayo juu ya mawe ya msituni ili baridi isipenye, fundi naye alitii majira. Alikata miti wakati wa theluji, maji ya mti yakiwa yamepungua, akaiburuta kwa urahisi juu ya barafu. Yaani siku ambazo sisi tungedhani ni za kufungiwa ndani, kwake zilikuwa za kazi. Kisha, alipokwisha kusimamisha kuta, aliiacha nyumba itulie, maana magogo yanapokauka husinyaa na ukuta mzima hudidimia, na mwenye kutia madirisha kwa pupa huyaona yakibanwa hadi yapasuke. Kwa ufundi huo Warusi walisimamisha kanisa la Kizhi mwaka 1714, lenye kuba 22, lote la mti. Na kwa ufundi huo Waswidi na Wafini waliohamia bonde la mto Delaware, Marekani, tangu mwaka 1638, waliwapelekea wenzao wa huko namna ya kujenga kwa magogo, ambayo baadaye ilienea hadi magharibi ya nchi ile. Huko Marekani wahamiaji wengi waliziba nafasi za magogo kwa udongo, na hapo mimi humwona ndugu yake mkandikaji wetu: yeye alizuiwa na masika, na mwenzake alizuiwa na baridi inayogandisha maji, kwani udongo ulioganda haushiki, na ukiyeyuka huanguka. Familia iliyochelewa msimu ililala na upepo ukipita kati ya magogo mpaka majira yageuke, kama nyumba ya jirani yetu ilivyokaa na paa bila viambaza.

Mambo yaligeuka katika karne ya 20. Kuwait ilianza kupeleka mafuta ng'ambo mwaka 1946, na baada ya muda si mrefu watu wa Ghuba wakawa na uwezo wa kununua saruji na vyuma, boriti ikapungua thamani kwao, na majahazi yakapungua mwaka hadi mwaka. Kwetu, kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kutoa saruji mwaka 1954, na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Mabati yalikwisha kutangulia. Kenya ikapiga marufuku kupeleka boriti nchi za nje mwaka 1982, kwa kuihurumia mikoko, na uamuzi huo ulikuwa wa haki. Simlaumu mtu aliyeezeka bati. Makuti hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, tena yakishika moto huchukua mtaa. Wala silaumu saruji katika nyumba iliyoanza na saruji. Saruji hushika kwa siku chache, na mwenye haja ya maskani ana haki ya kuharakisha.

Ninalolilaumu ni kuipeleka haraka hiyo katika nyumba isiyoijua. Tangu saruji ilipokuwa rahisi, wenye nyumba wengi katika Mji Mkongwe wa Unguja, katika Lamu na katika Mombasa ya kale, walipoona lipu ya chokaa inamong'onyoka, waliipaka kuta zao saruji, kwa kuwa fundi wa saruji humaliza wiki hii na wa chokaa hutaka kungoja hadi masika yaishe. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa tena jua likitoka; ukiuvika saruji, maji huingia kwa ufa wowote na hayatoki, hukaa ndani, huila chokaa, na hufika kwenye vichwa vya boriti vilivyozikwa ukutani. Mkoko ulioishi matopeni bila kuoza huoza hapo. Mtu hukaa chini ya dari miaka kumi bila kujua kwamba boriti zake zimebaki ganda, hadi masika moja sakafu ishuke. Lamu imo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na Mji Mkongwe tangu 2000, lakini cheti hakizuii maji. Hiyo Beit al-Ajaib yenyewe, nyumba kubwa kuliko zote za Unguja katika zama zake, sehemu yake ya mbele iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea.

Mafundi wa chokaa wangalipo, Lamu na Unguja, ingawa si wengi, na wanapofundisha vijana huwaanzisha na kazi inayowachosha kuliko zote, nayo ni kuichunga chokaa iliyolala, kuigeuza, kuirashia, na kutoigusa kabla ya wakati wake. Vijana hao wanahitaji kazi, na kazi yao iko mikononi mwa wenye nyumba. Kwa hiyo neno langu ni kwako wewe uliyerithi nyumba ya mawe, ukaona mwaka huu lipu inaanguka na jirani anakushauri mifuko kumi ya saruji: ziba paa sasa kwa makuti au kwa turubai, agiza chokaa na uiache ilale, uyaache masika yapite. Mwite mwashi mwezi wa Juni.